Mnara wa Siloamu na Paa la Kigango
Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko Kigoma mjini na Ujiji, ninyi wa Kibirizi na Katonga, ninyi wa vijiji vya mwambao ambao mashua ndiyo basi lenu, na ninyi mlio mbali na maji, Uvinza na Kasulu: tunawasalimu katika Dominika hii ya tatu ya Kwaresima. Tunawasalimu pia majirani zetu Waislamu wa Ujiji, ambao twajua husikiliza kipindi hiki wakingojea taarifa ya habari. Neno la leo linawahusu sawasawa na sisi.

Katika Injili tuliyosomewa, Mtakatifu Luka anatuletea habari mbili za vifo. Ya kwanza ni ya Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa dhabihu. Hiyo ni habari ya ukatili wa mtawala, nasi leo tutaiacha kando. Ya pili ni fupi mno: mnara uliokuwa Siloamu, mjini Yerusalemu, ulianguka ukawaua watu kumi na wanane. Injili haisemi watu wale walikuwa wakifanya nini chini ya mnara. Yawezekana walikuwa wapita njia, au walikwenda kuteka maji, au walikuwa mafundi na vibarua. Linalojulikana ni kwamba watu wa mji walikwisha kupata maelezo ya jambo lile kabla hata vumbi halijatua: wamekufa kwa kuwa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Bwana wetu anayakataa maelezo hayo papo hapo. Kisha, badala ya kuendelea kuwasema waliokufa, anawageukia waliosimama wazima mbele yake na kuwaambia watubu.

Ndugu wapendwa, sisi nasi tunayo maelezo yetu yaliyo tayari. Kijana anapanda mchikichi mrefu kukata mikungu, kamba inakatika, anaanguka na kuvunjika mgongo. Kabla hajafikishwa hospitali, mmoja amesema ni mkono wa mtu, kuna jirani aliyemwonea kijicho. Mwingine, mcha Mungu, amesema ni mapenzi ya Mungu. Wa tatu, mwenye busara za wazee, ametikisa kichwa na kusema ajali haina kinga. Angalieni jinsi majibu hayo matatu, yaliyo mbali kabisa yenyewe kwa yenyewe, yanavyofika mahali pamoja: hakuna hata moja linalouliza kamba ile ilikuwa ya nani, ilikuwa na umri gani, na ni nani aliyemwambia kijana aitumie hivyo hivyo msimu mmoja zaidi.

Methali ya wazee hatuidharau. Yapo mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyakinga, na mfiwa anahitaji neno la kumtuliza. Lakini wazee walisema ajali haina kinga ili kumfariji aliyeumia. Sisi tumeigeuza ikawa ngao ya mwenye shamba.

Torati ya Musa ilikuwa kali zaidi kuliko sisi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu ajengaye nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Huko dari za nyumba zilikuwa tambarare, watu wakitembea na kulala juu yake. Mungu hakusema kwamba atakayeanguka siku yake imefika. Alisema mwenye nyumba aweke ukingo. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyempiga mwenzake hata akalala kitandani anaamriwa kumlipia siku alizopoteza na kumgharimia mpaka apone kabisa. Siku alizopoteza, na gharama za kupona: hayo ndiyo mambo mawili ambayo hata leo kila sheria ya fidia huanza nayo.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe, kwa maana si vema kuzungumzia mashamba ya watu tukaficha la kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja, tulikuwa tunaezeka kanisa. Waamini walikuwa wamechanga kwa muda mrefu, mabati yalikuwa yamefika, na kila mtu alitaka Pasaka itukute chini ya paa. Fundi mkuu alimleta fundi seremala wa kupigilia kenchi, akilipwa kwa siku. Jukwaa lilikuwa la miti iliyofungwa kwa kamba za katani, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi yule seremala alisema miti inateleza, afadhali tungoje jua. Akaambiwa kwamba siku zimekwisha. Kabla ya saa nne alikuwa chini, nyonga imevunjika.

Tulimbeba juu ya mlango wa mbao hadi barabarani, tukampata mwenye gari la mkaa, akafikishwa hospitali. Tuliomba rozari. Tulipitisha mchango Dominika mbili. Akina mama walimpelekea mkewe sukari kilo mbili na unga. Watu wetu si wakatili, na yeyote asiseme hawakumwonea huruma. Lakini huruma ya watu maskini ina kina chake kama kisima cha kiangazi. Ilipofika Pentekoste hakuna aliyekuwa akimtaja tena. Mkewe aliuza cherehani. Binti yao mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha shule akaenda Mwanza kufanya kazi za nyumbani. Fundi akabaki na magongo mawili, na mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe.

Baadaye tulilitazama daftari la kamati ya ujenzi. Lilikuwa limeandikwa kwa uaminifu mkubwa. Mabati yamo, dawa ya mbao imo, sukari ya uji wa vibarua imo, hata misumari iliyobaki ilihesabiwa. Kuanguka kwa mtu hakumo. Na tulipoanza kuuliza kama kulikuwa na haki yoyote ambayo angeweza kuidai, swali la kwanza tuliloulizwa ni hili: mwajiri wake alikuwa nani? Kamati ilimtazama fundi mkuu, fundi mkuu akaitazama kamati, na wote wawili wakamtazama padre.

Wapendwa, mwambao huu una historia ndefu ya watu walioumia kazini bila kuandikwa popote. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara. Wapagazi walifika hapa kutoka pwani na kurudi huko na pembe mabegani, na aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa njiani. Kisha ikaja reli ya Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo ikaletwa vipande vipande ile meli tunayoiita leo Liemba, iliyotengenezwa Papenburg na kuunganishwa hapa Kigoma. Majina ya mafundi wa Kijerumani walioisimamia kazi hiyo yanasomeka vitabuni. Waafrika waliobeba vipande vile na kuvipigilia ribiti walikuwa wengi kuliko wao mara nyingi, nao hawasomeki. Na tukumbuke kwamba wakati huo Ujerumani yenyewe ilikwisha kuwa na sheria ya bima ya ajali kazini tangu mwaka 1884, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kwao. Basi si kweli kwamba jambo hili halikuwa limefikiriwa bado na mwanadamu. Lilikuwa limefikiriwa, ila si kwa ajili ya mpigilia ribiti wa Kigoma.

Sheria ya kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia iliwekwa Tanganyika mwaka 1948, ikadumu hata baada ya Uhuru kwa miaka mingi sana. Chini ya sheria hiyo mzigo ulikuwa juu ya kila mwajiri peke yake, na viwango vya fidia vilivyoandikwa zamani vilizidi kupungua thamani kadiri shilingi ilivyopungua. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya, na mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango. Wengi wenu mmelisikia jina la Mfuko huo redioni, lakini tunavyoona katika ziara zetu za vigangoni, wachache wanajua unavyofanya kazi. Mtuwie radhi tukitumia dakika chache kulieleza, ijapokuwa si desturi kutaja asilimia katika mahubiri.

Kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa serikali au wa binafsi, anapaswa kuchangia nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa. Hapo awali waajiri binafsi walitozwa asilimia moja kamili, baadaye kiwango kikapunguzwa. Mchango ni wa mwajiri. Sheria haimruhusu kuukata katika mshahara wa mfanyakazi. Kwa mtu anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, mwajiri anatoa shilingi 1,500, ambazo hazitoshi kununua kilo moja ya sukari. Mtu huyo akiumia kazini, au akiugua maradhi yatokanayo na kazi yake, Mfuko hugharimia matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 210,000 kwa mwezi kwa mfano wetu, kwa muda usiozidi miezi 24. Akipata ulemavu wa kudumu hulipwa fidia. Ulemavu ukiwa mdogo anapewa kwa mkupuo, ukizidi asilimia 30 anapewa pensheni ya kila mwezi. Akifa, kuna msaada wa mazishi, na mjane na watoto wanapewa sehemu yao. Yapo pia malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia majeruhi asiyeweza kujihudumia, jambo ambalo wake na mama zetu wamelifanya bure tangu zamani bila mtu kulihesabu kuwa kazi.

Lakini hakuna linaloanza mpaka mtu aseme kwamba ajali imetokea. Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye, akishajua, ana siku 7 za kuuarifu Mfuko. Na dai lenyewe lisipite miezi 12. Hapo ndipo watu wetu wanapopotea. Mwajiri asiyechangia anaogopa kutoa taarifa kwa sababu itafichua kwamba hachangii. Anamwendea majeruhi usiku na bahasha, anamwita ndugu, anamsihi asifanye mambo yawe makubwa. Majeruhi naye anaona fedha mkononi, anaogopa kupoteza kibarua, anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Bahasha inakwisha kabla mfupa haujaunga.

Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa sasa kuna Mfuko, mwajiri hana haja ya kujisumbua sana. Akiumia mtu, Mfuko utalipa. Maneno hayo tumeyasikia kwa masikio yetu, na ni ya hatari. Mfuko ni chungu cha wote. Kila ajali ambayo ingezuiwa kwa kofia ngumu, kwa kamba mpya au kwa kungoja jua likaushe miti, inachota katika chungu kile sehemu ya mgonjwa mwingine. Tena kuna sehemu ya hasara ambayo hakuna Mfuko unaoweza kuirudisha. Fedha hulipia nyonga. Hazirudishi miaka miwili ya binti yule darasani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, wapatao 330,000 kati yao kwa ajali na waliobaki kwa maradhi. Ni nani atakayesema kwamba wote hao siku zao zilikuwa zimefika?

Hapa kwetu kazi zinaongezeka. Reli mpya kutoka Tabora kuja Kigoma imewaita vijana wengi, na wengine watafuata ile ya kutoka Uvinza kwenda Burundi. Tunawaomba wazazi, kijana akirudi likizo msimwulize tu ameleta nini. Mwulizeni kama amepewa mkataba, kama anavaa viatu vya kazi, kama mwajiri wake amesajiliwa katika Mfuko.

Linalotusumbua zaidi, hata hivyo, ni ziwa. Idadi kubwa ya watu wa mwambao huu hawana mkataba wala mshahara. Wanatoka jioni za giza, wanawasha taa, wanangoja dagaa wapande, wanarudi alfajiri na kugawana kilichopatikana: mafuta yametolewa, mwenye chombo na wavu amechukua sehemu yake, kinachobaki ni cha mabaharia. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, na hawalipwi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, wengi wao ndipo walipogundua kwamba hawamo katika daftari la mtu yeyote. Dhoruba ikimchukua mmoja wao, mwenye chombo atasema huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa mwenzangu katika mgao.

Mambo ya sheria tunawaachia wanasheria. Lakini tunawaambia wenye vyombo, nao wako wengi wanaotusikiliza na wengine huketi viti vya mbele kanisani: yule unayemwambia saa ya kutoka na saa ya kurudi, anayevuta wavu wako kwa taa yako katika chombo chako, mbele ya Mungu huyo yuko mikononi mwako. Jaketi za kuokolea maisha ziwemo chomboni, idadi sawa na watu, na zivaliwe. Zisiwekwe nyumbani zikingoja siku ya ukaguzi. Mawingu yakijikusanya upande wa kusini na vijana wakisema leo tusitoke, wasiitwe waoga. Na kwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unapokea pia waliojiajiri kwa hiari yao, si jambo lisilowezekana kwa kikundi cha wavuvi kuweka kando kidogo katika kila mgao kwa ajili ya uzee na shida. Kina mama waanika dagaa wa mwambao huu wanajua kuendesha vikundi vya kuweka na kukopa. Wanaume wasione haya kujifunza kwao.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili si mapya. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikwisha kutetea haki ya mfanyakazi kutotumikishwa kama chombo. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliweka mwaka 1955 sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, naye Yosefu, kama mjuavyo, alikuwa seremala. Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba matibabu ya mfanyakazi, hasa aliyepata ajali kazini, yapatikane kwa urahisi, kwa gharama ndogo au bure ikiwezekana. Tumeyafundisha hayo kwenye semina za makatekista. Tumeyaandika ubaoni. Na katika miaka hiyo hiyo tulikuwa tunajenga, tukiwa na wapishi, walinzi, madereva, walimu wa chekechea na mafundi wa kutwa, na wengi wao hatukuwa tumewaandikisha popote. Tulijiambia kwamba ni kazi ya Mungu. Katekista aliyeanguka na pikipiki akienda kuongoza ibada kigango cha mbali alipewa pole na baraka.

Mwishoni mwa Injili ya leo kuna mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu hakuona tunda, anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na hauombi ili akae kivulini. Anasema atapalilia kuuzunguka na kutia mbolea. Ana jembe mkononi.

Basi sisi wa parokia tumeanza kupalilia. Jumamosi ijayo, makatekista wote na wenyeviti wa kamati za ujenzi mfike parokiani saa tatu asubuhi, kila mmoja na daftari. Mtaandika jina la kila mtu anayelifanyia kazi Kanisa kwa malipo katika kigango chenu, tangu siku gani, kazi gani, na kiasi gani analipwa. Mlinzi wa usiku asisahauliwe kwa kuwa ni mzee wala mpishi kwa kuwa ni shangazi wa mtu. Mtaandika pia kila aliyeumia, hata kama ni zamani, hata kama miezi 12 imekwisha kupita, maana pale ambapo haki ya sheria imepita deni letu halijapita. Afisa kazi wa mkoa ameombwa aje atueleze namna ya kujisajili.

Yule fundi seremala tumekwisha kumtembelea. Bado anasali katika kigango kile, huketi benchi la mwisho karibu na mlango, magongo ameyaegemeza ukutani, na juu yake ni kenchi alizozipigilia mwenyewe upande wa kushoto kabla hajaanguka. Tulimwomba ruhusa ya kulitia jina lake katika daftari. Aliuliza kama na tarehe itaandikwa. Tukamwambia ndiyo, naye akatutajia siku, mwezi na saa.